Somo: Kumfundisha Mvietnamu vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili

Jumatatu jioni mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Cần Thơ, kusini mwa Vietnam, alifika darasani akitokwa jasho, akanyoosha kidole juu: "Teacher, please open the fan." Kwa Kivietnamu, hasa cha kusini, neno mở hufungua mlango na pia huwasha feni, taa na televisheni. Na sisi je, hatusemi "fungua redio"? Nilimwelewa mara moja: alitaka kusema turn on the fan.

Dar Wavietnamu tunao. Wengine walikuja na Viettel, kampuni ya simu ya Vietnam iliyoanza huduma hapa mwaka 2015 kwa jina la Halotel. Walimu wengi huwapa orodha ndefu ya turn on, put off, look after, wakariri. Nawaomba tuache. Lugha yao wenyewe ina njia ya kuingilia.

Hatua ya 1. Anza na maneno manne ya kwao. Lên ni kupanda, xuống kushuka, vào kuingia, ra kutoka. Maneno haya hukaa nyuma ya kitenzi kingine vilevile kama up, down, on na off. Ngồi xuống ni sit down, đứng lên ni stand up. Waambie wasimame na kukaa huku wakitamka lugha zote mbili. Dakika tano zinatosha.

Hatua ya 2. Nguo. Hapa kaa sana. Sisi "vaa" hubeba kila kitu, ndiyo maana shida yao hatuioni. Mvietnamu shati hulivaa kwa mặc, kofia kwa đội, miwani kwa đeo, na viatu kwa đi akiwa wa kaskazini au mang akiwa wa kusini. Akifika kwenye Kiingereza anatafuta vitenzi vinne, anakosa, ananyamaza. Mimi huweka mezani helmeti, miwani na kandambili, kila mmoja avae na kuvua huku akisema put on, take off. Uso wa mtu anapogundua kwamba kitenzi kimoja kinatosha ni malipo tosha kwa mwalimu.

Hatua ya 3. "It" ikae katikati. Kosa la kila siku ni "turn off it". Andika ubaoni cởi nó ra, kisha chini yake take it off. Nó ni it, ra iko pale ilipo off. Chora mishale mitatu inyooke kutoka juu kwenda chini. Hiyo kanuni wanaijua tangu utotoni, ila hawajaoneshwa kwamba wanaijua. Halafu watahadharishe kuhusu look after: hicho hakitenganishwi, ni look after him tu.

Hatua ya 4. Sauti. Konsonanti za mwisho katika Kivietnamu hukatwa mdomoni kabla hazijatoka, kwa hiyo picked up hubaki "pik ap" na wakati uliopita unapotea. Hamisha konsonanti iende kwenye silabi inayofuata: picked up iwe "pik-tap", turn it off iwe "ta-ni-tof". Sisi hukosea kinyume chao, tunabandika irabu mwishoni, basi sikiliza na ulimi wako pia.

Maswali ya walimu wenzangu

*Shikamoo mwalimu. Wanafunzi wangu husema "get on the taxi". Niwasahihisheje?*

Marahaba. Kwao gari lolote ni lên xe na xuống xe, kama sisi tunavyopanda na kushuka. Wape picha hii: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni au ndege, ni get on na get off. Pikipiki pia, kwa kuwa unakaa juu yake. Gari dogo ni get in na get out of. Bajaji nimeiweka kwenye get in.

*Mmoja kaniandikia "I found out my key". Kosa liko wapi?*

Liko kwenye tìm ra, ambayo kwao hupata ufunguo na hupata jibu pia. Find out ni ya habari tu: I found out his address. Ufunguo ni find peke yake. Mpe vitu sita, vitatu vya kushikika na vitatu vya kusikika, avigawe mwenyewe.

*Nimejaribu lên kwa give up, wamechanganyikiwa. Mwalimu, up inapanda wapi hapo?*

Haipandi popote, dada. Maneno manne ya kwao yanakufikisha kwenye vitendo vya mwili. Give up kwao ni từ bỏ, put off ni hoãn, turn down ni từ chối, na hakuna hata kimoja chenye lên wala xuống. Vifundishe vizima, kama sisi tunavyosema "kata tamaa" bila kushika kisu. Vitatu kwa wiki, kila kimoja ndani ya sentensi ya maisha yake mwenyewe. Mwanafunzi wa Cần Thơ alisimama akasema "I gave up cigarettes, my wife is happy", na tangu siku ile hajakikosea.