Kupima streni ya moyo kwa programu: picha kwanza, namba baadaye

Programu ya streni husoma picha za ultrasaundi ya moyo, na haikatai picha. Ukiipa picha nzuri itakupa namba. Ukiipa picha mbovu itakupa namba vilevile, tena yenye desimali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla hujagusa kompyuta.

Streni yenyewe ni hesabu nyepesi: msuli umefupika kwa asilimia ngapi moyo ulipokamua, ukilinganisha na urefu wake moyo ulipojaa. Ukuta wa milimita 90 ukifupika hadi 72, hiyo ni -20%. Alama ya kutoa inaonyesha kufupika tu. Programu hufuata vidoa vya kijivu vilivyo ndani ya msuli, fremu kwa fremu.

Hatua ya 1: Mgonjwa. Hapa Mombasa mwezi wa Machi adui wa kwanza ni jasho. Elektrodi za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) zinateleza, mstari unayumba, na programu inakosea mahali pigo linapoanzia. Futa ngozi kwa taulo kavu, bandika, subiri mstari utulie. Pima presha palepale na uiandike: presha ikipanda, moyo unasukuma mzigo mzito na streni hudhoofika hata kama msuli haujaumia zaidi.

Hatua ya 2: Picha tatu. Mlaze ubavu wa kushoto. Unahitaji chemba nne, chemba mbili na chemba tatu (picha huitwa kwa vyumba vya moyo vinavyoonekana), zote kutoka kwenye ncha ya moyo. Punguza kina na upana hadi ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, ijaze kioo, na ulenge fremu 50 hadi 80 kwa sekunde. "Mama, vuta pumzi, toa yote, zuia hapo hapo." Rekodi mapigo matatu mfululizo. "Haya, pumua."

Ncha ndiyo inayowashinda wengi. Ncha halisi ya moyo haichezi sana. Ukiiona ni ya mviringo na inaruka kuingia ndani kila pigo, hujaifikia. Umeukata moyo mshazari, na streni ya hapo itatoka nzuri kuliko ukweli. Shusha probu nafasi moja ya mbavu, utafute upya.

Hifadhi data ghafi ya mashine. Ukihifadhi kama video ya kawaida, mara nyingi fremu hupunguzwa hadi 30 kwa sekunde na vidoa vinapotea njiani.

Hatua ya 3: Anza na chemba tatu. Hapo unaiona vali ya aota ikifunga. Weka alama mahali hasa inapofunga, kwa sababu programu itatumia wakati huo kwenye picha zote tatu. Ukichelewesha alama, kufupika kunakotokea baada ya vali kufunga kutahesabiwa kama kazi halali ya moyo.

Hatua ya 4: Chora. Nukta mbili kwenye shina la vali ya mitrali (mlango wa kuingilia ventrikali ya kushoto), moja nchani. Programu itachora ukanda. Urekebishe ubaki ndani ya msuli, usiingize misuli ya papilari (ile midogo inayoshikilia vali) wala utando wa nje.

Utando huo ulinitia jasho lisilo la Machi. Mama mmoja aliyekuwa kwenye doksorubisini, dawa ya saratani, alikuwa na -20.4 kabla ya dawa. Siku hiyo nikapata -16.1. Kushuka kwa zaidi ya asilimia 15 ya kipimo cha mwanzo ni dalili kwamba dawa inaugusa moyo, na hapa ilikuwa 21. "Mwanangu, mbona umenyamaza?" akaniuliza, mkoba tayari begani, anawahi feri ya Likoni. Nikamwomba dakika tano. Kwenye ukuta wa pembeni ukanda ulikuwa umepanda juu ya utando, ambao haufupiki kama msuli. Nikaupunguza: -19.5.

Hatua ya 5: Tazama kwa macho yako. Cheza video polepole. Mstari uende na msuli. Alama ya kijani ya programu isikulaze usingizi. Vipande zaidi ya viwili vya ukuta vikikataa kufuata kwenye picha moja, usitoe streni ya jumla (wastani wa ukuta wote).

Hatua ya 6: Soma na uandike. Kwa mtu mzima mwenye afya tarajia karibu -20%. Angalia pia ramani ya duara, inayoonyesha streni ya kila kipande, ncha ikiwa katikati: ncha ikiwa imara huku sehemu za karibu na vali zimefifia pande zote, mkumbushe daktari amiloidosisi, ugonjwa wa protini kujilimbikiza kwenye msuli wa moyo.

Kwenye ripoti andika presha, mapigo kwa dakika, jina la programu na toleo lake. Kipimo cha kurudia kifanyike kwa programu ileile, maana kampuni mbili zinaweza kutofautiana kwa moyo mmoja. Na usiandike "imepanda" wala "imeshuka": -17 ni kubwa kuliko -20 kwa mwalimu wa hesabu, ni dhaifu kwetu. Andika "imedhoofika kutoka -20 hadi -17".