Kunyamazisha nyuroni kwa PSAM4-GlyR: hatua za kufuata maabara

Mwongozo huu ni wa anayetaka kutuliza kundi moja la nyuroni (seli za neva) za panya kwa dawa, bila kumfunga mnyama uzi wa mwanga kichwani. PSAM4-GlyR, protini iliyoundwa maabara na kutangazwa mwaka 2019 na kundi la mtafiti Scott Sternson katika kituo cha utafiti cha Janelia, Marekani, ina sehemu ya nje ya kipokezi (protini ya seli inayopokea kemikali) cha nikotini cha alfa-7, ambayo asidi amino zake tatu zimebadilishwa, ikiwa imeunganishwa na tundu la kipokezi cha glisini linalopitisha kloridi. Vareniklini, dawa inayowasaidia watu kuacha sigara, hulifungua kwa kiwango kidogo mno, nanomola chache tu.

Hatua ya kwanza: dunga virusi vya AAV (virusi vinavyotumika kuingiza jeni kwenye seli) vilivyobeba jeni ya protini hiyo kwenye eneo lako la ubongo, kisha subiri wiki tatu.

Hatua ya pili: kata vipande vya ubongo, na kimoja ukitie bungarotoksini ya alfa yenye rangi inayong'aa. Sumu hii ya nyoka hushika kipokezi kilichofika kwenye utando wa seli. Kwa kuwa pia hukiziba, kipande hicho usikitumie tena kupimia dawa.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi. Shika seli kwa pipeti ya kioo, tafuta mkondo mdogo kabisa wa umeme unaoifanya ifyatue (itoe ishara yake ya umeme), mimina vareniklini, kisha pima upya: mkondo unaohitajika unapaswa kupanda sana, kwa sababu tundu lililo wazi huvujisha umeme unaoingizwa. Pipeti ijazwe mchanganyiko wenye kloridi kidogo, kama ule wa potasiamu glukoneti. Mimi niliwahi kujaza kloridi ya potasiamu kwa mazoea, na seli niliyotarajia inyamaze ikaanza kufyatua, kwani kloridi iliyojaa ndani ilikuwa ikitoka badala ya kuingia. Nyuroni changa, ambazo kwa asili zina kloridi nyingi, zinaweza kukuchezea hivyo hivyo hata pipeti ikiwa sahihi.

Hatua ya nne: unapohamia kwa mnyama mzima, wape dawa ileile na panya wenye protini ya rangi pekee, bila PSAM4-GlyR, maana vareniklini hugusa pia vipokezi vya nikotini vya kawaida. Vipimo vya kulinganishia vichukuliwe siku nyingine, kwa sababu athari yake hudumu kwa saa kadhaa.