SOMO: Jinsi ya kufuatilia asili, maana na wingi wa jina la ukoo la Kiingereza (mfano wetu: Wainwright)

Wakuu, salaam. Maswali ya majina ya Kizungu hayaishi humu. Huyu kakuta jina kwenye kaburi la misheni, yule ana mkwe Muingereza, mwingine kashika cheti cha ubatizo cha babu na hajui aanzie wapi. Leo nachukua jina moja tu, Wainwright, tulifuatilie hatua kwa hatua. Nimelichagua kwa sababu linatuhusu: David Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, aliyechonga maandishi ya kumbukumbu kwenye mti alikuwa kijana Myao aliyeitwa Jacob Wainwright.

HATUA YA 1: Livunje jina

Wain ni neno la zamani la gari kubwa la mizigo linalokokotwa na farasi au maksai. Wright ni fundi wa kuunda vitu, hasa vya mbao. Kwa hiyo Wainwright ni fundi wa kuunda magari hayo. Hakuwa mwendeshaji wala mpakiaji. Ukishaijua wright, milango kadhaa inafunguka: Cartwright aliunda mikokoteni, Wheelwright magurudumu, Arkwright masanduku. Wajerumani nao wana Wagner, kazi ileile.

Hapa wengi huteleza kwa kutafsiri jina kwa Kiingereza cha leo. Chukua Walker. Utasema ni mtembezi, na hutakuwa umekaribia. Zamani kitambaa cha sufu kikitoka kwenye mtande hakikuwa tayari kuvaliwa. Kilitiwa kwenye beseni la maji pamoja na mkojo uliochacha au udongo maalumu, kisha mtu akaingia na miguu yake akakikanyaga saa nyingi mpaka mafuta yatoke na nyuzi zishikamane. Mkanyagaji huyo, kaskazini mwa Uingereza, ndiye Walker. Kusini-mashariki aliitwa Fuller, na kusini-magharibi, Devon na Somerset, aliitwa Tucker. Majina matatu, kazi moja, harufu moja.

HATUA YA 2: Liweke kwenye kundi lake

Makundi makubwa ni manne: kazi (Smith, Baker, Wainwright), mahali (Wellington, Hill), jina la baba (Johnson, Wilson) na sifa au utani (Armstrong, White). Wainwright halina utata, tusikawie hapa.

La kujua ni lini jina la kazi lilipoacha kuwa maelezo ya mtu likawa la ukoo. Kwa Uingereza jambo hili lilikwenda taratibu, tangu Wanormani, wavamizi kutoka Ufaransa, walipoingia mwaka 1066 hadi miaka ya 1400 hivi, na kusini lilitangulia kaskazini. Mwanzoni mtu alikuwa John fundi magari, basi. Mwanawe akawa mwokaji mikate, watu wakaendelea kumwita Wainwright. Hapo ndipo jina lilipoachana na kazi.

HATUA YA 3: Tafuta lilikojikusanya

Nyaraka za kupekua ziko za aina nyingi. Orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381 ni za thamani, hasa ile ya 1379 ya West Riding, yaani upande wa magharibi wa Yorkshire, maana huko unakuta majina ya kazi yakiwa bado mabichi. (Kodi hiyohiyo ndiyo iliyowasha uasi wa 1381, na kiongozi wake, Wat Tyler, naye alibeba jina la kazi: fundi vigae.) Rejesta za parokia zilianza kwa amri mwaka 1538. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo kwa England na Wales ulianza Julai 1837. Sensa ya kwanza iliyoandika jina la kila mtu ni ya 1841, ila inayopendwa na wachoraji wa ramani za majina ni ya 1881.

Kwa Wainwright utaona uzito uko kaskazini, Yorkshire na Lancashire. Alfred Wainwright, mwandishi maarufu wa miongozo ya kupanda vilima vya Lake District, alizaliwa Blackburn, Lancashire, mwaka 1907, yaani palepale unapolitarajia jina hili. Ukitafuta, jaribu pia Wainright na Waynwright. Karani wa zamani aliandika alichosikia.

HATUA YA 4: Hesabu wingi, kisha uliza sababu

Katika sensa ya Marekani ya 2010, Smith walizidi milioni 2.4 na kuongoza nchi nzima. Wright walizidi 450,000. Wainwright wako chini mno, hawakaribii hata mia za kwanza. Kwa nini? Mhunzi, yaani Smith, alikuwepo karibu kila kijiji, na fundi mbao wa kawaida aliitwa Wright bila nyongeza. Fundi aliyejulikana kwa magari pekee alihitaji eneo lenye mizigo ya kutosha kumlisha, na pengine jirani mwingine wa kutofautishwa naye.

HATUA YA 5: Sasa liache jina, mfuate mtu

Tovuti nyingi huishia hatua ya 4 na kukuuzia "historia ya familia". Hiyo ni historia ya neno. Jacob Wainwright hakuwa na fundi magari wa Yorkshire katika nasaba yake. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa na Waingereza, akasomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, India. Mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa vijana wa Nasik waliotumwa kumfuata Livingstone. Alisindikiza maiti kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, akaendelea nayo hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa Mwafrika pekee kati ya waliobeba jeneza Westminster Abbey. Alifariki Urambo, Tanzania ya leo, mwaka 1892.

Ukimtafuta Jacob kwenye sensa ya Lancashire utapoteza mwaka. Wa kumtafuta yuko kwenye kumbukumbu za misheni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: Mwalimu, shukrani. Sisi ukoo wetu una jina la Kiingereza tangu babu wa babu, watu wa Frere Town. Je, tuna damu ya Kizungu?

Jibu: Jina peke yake haliwezi kukuambia hivyo ndugu yangu. Frere Town, hapo Mombasa, ilianzishwa na misheni ya CMS (Church Missionary Society) miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na wengi wa watangulizi wake walitoka Nasik na majina yao ya ubatizo. Kundi lile la Jacob lilikuwa na Matthew Wellington, na Wellington ni mji wa Somerset, ambako yeye hakutoka. Anza na rejesta za ubatizo za kanisa lenu, halafu kumbukumbu za CMS zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham.

Mwanachama, Dar: Mkuu, nimeona mtandaoni wanauza nembo ya ukoo ya jina la mume wangu, yenye ngao na simba. Ninunue?

Jibu: Dada, kama ni pambo la ukutani, nunua. Kama unataka ukweli, tunza pesa yako. Kwa England nembo hupewa mtu na kurithiwa na wazao wake. Jina la ukoo halina nembo. Wanaosimamia ni College of Arms ya London, tangu 1484. Smith wawili wanaweza kuwa na nembo mbili tofauti, na Smith maelfu wasiwe nayo kabisa.

Mwanachama, Minnesota: Jirani yangu Mmarekani mweusi anaitwa Walker. Naye anatokana na wale wakanyaga sufu?

Jibu: Jina lake ndiyo, yeye si lazima. Wamarekani weusi wengi waliingia kwenye sensa kwa jina kamili mara ya kwanza mwaka 1870, baada ya utumwa kukomeshwa. Wengine walibeba jina la mmiliki wa zamani, wengine walijichagulia. Mwambie aanze na hiyo ya 1870, kisha arudi nyuma kwa wosia na hati za mali za wamiliki wa wilaya ileile.

Mwanachama, Arusha: Sensa ya Uingereza ya 1931 siioni popote. Natafuta vibaya?

Jibu: Hutafuti vibaya. Ya England na Wales iliteketea kwa moto Desemba 1942. Ya 1921 ilifunguliwa 2022, kwa kuwa hufichwa miaka 100. Kuziba pengo, tumia Rejesta ya 1939, iliyoandikwa vita vilipoanza kwa ajili ya vitambulisho na mgao wa chakula.