Namna ya Kuchagua Nyumba za Ibada za Kutembelea Nairobi

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na jamii zilizoletwa na reli hiyo zikajenga kila moja mahali pake pa kusalia. Ninapotembeza watu mjini, wengi huniletea orodha ya majengo sita na asubuhi moja ya kuyaona. Huwa nawaomba tubakize mawili. Ukiona mawili kwa utulivu utayakumbuka. Ukikimbilia sita utabaki na picha tu.

Hatua ya 1: Angalia siku na saa kwanza

Hizi si nyumba za makumbusho, watu wanasali humo. Ijumaa, kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, usiende Msikiti wa Jamia kutazama jengo, kwa maana waumini hujaa mpaka barabarani. Jumapili asubuhi makanisani kuna ibada baada ya ibada. Nenda kama unakwenda kusali. Jumamosi ni Sabato kwa sinagogi la University Way, na siku nyingine yoyote omba miadi mapema, kwa sababu ulinzi wake ni mkali. Siku nzuri kuliko zote ni Jumanne hadi Alhamisi, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

Hatua ya 2: Jiulize unafuata jengo au kisa

Anayependa ujenzi nampeleka Jamia. Jengo la sasa lilijengwa kati ya 1925 na 1933: kuba tatu za rangi ya fedha, minara miwili, na jirani yake kabisa Maktaba ya McMillan ya mwaka 1931. Baada ya hapo tazama Basilika ya Familia Takatifu, uone tofauti. Iliinuliwa kwa zege mwanzoni mwa miaka ya 1960, na aliyeichora ni mwanamke, Dorothy Hughes, wakati ambapo wanawake wa kazi hiyo walikuwa wa kuhesabika. Keti kiti cha nyuma, uinue macho, uache mwanga wa vioo vya rangi ukuzoee.

Anayefuata kisa, kwangu hakuna kushindana: All Saints, kanisa kuu la Kianglikana. Jiwe la msingi liliwekwa 1917 na ujenzi ukakamilika 1952, lakini si miaka hiyo ninayoipeleka mbele. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, walifukuzwa kwa nguvu na polisi kutoka Uhuru Park, ng'ambo tu ya barabara. Kanisa likawafungulia mlango, wakakaa humo miezi mingi wakidai wana wao waachiliwe. Simama nje ukitazama upande wa bustani, upime mwenyewe jinsi hatua zile zilivyokuwa chache. Naamini kila Mkenya anapaswa kusimama pale angalau mara moja.

Jamatkhana, yaani nyumba ya sala ya Waislamu wa Kiismaili, ya mwaka 1922, ile iliyoipa steji ya Khoja jina lake, itazame kwa nje tu. Ndani ni kwa ajili ya wenyewe.

Hatua ya 3: Jiandae kwa mlango

Beba mtandio au leso, hata kama unakwenda kanisani tu. Vaa viatu vinavyovulika upesi na soksi safi. Mlangoni askari atakagua mkoba, msalimie kwanza, kisha useme, "Tunaomba kuona ndani, tufuate utaratibu gani?" Jamia, atakuelekeza kwa mhudumu. Simu iache mfukoni mpaka uambiwe unaweza kupiga picha, na mtu aliye kwenye sala usimpige hata ukiruhusiwa.

Hatua ya 4: Panga njia

Anzia All Saints, ushuke Kenyatta Avenue kwa miguu hadi Jamia. Ukibaki na nguvu, malizia Basilika, karibu na City Hall. Toka Jamia kabla ya adhuhuri.

Hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa 1999, la mawe yaliyochongwa India, linastahili siku yake. Liko nje ya katikati ya mji, upande wa Ngara, na mahekalu mengi ya Kihindu hufunga mapazia ya sanamu mchana. Nenda asubuhi, au jioni jua likipoa.