Unahamia mji mpya? Fanya hivi mtoto apate nafasi shule ya msingi

Nimekaa ofisi ya uandikishaji ya shule ya msingi miaka 9, na wazazi wanaohamia ndio walikuwa wageni wangu wakubwa. Wengi wanafika wamechoka, vyombo bado viko kwenye maboksi, mtoto ana wiki ya tatu hajakanyaga darasani, na ukiangalia unaona hili lingeweza kuzuilika kabisa. Ndo maana naandika.

Hatua ya 1: shule kwanza, nyumba baadaye

Watu wengi wanalipa nyumba halafu ndo wanaanza kuulizia shule. Geuza. Chagua mitaa miwili mitatu unayoweza kuishi, pigia simu shule za hapo, maana shule nyingi za umma zinawapa kipaumbele watoto wa jirani, na zingine zitakuomba uthibitisho kwamba unakaa eneo hilo. Na ukipiga usiulize tu "mna nafasi?" utajibiwa ndiyo au hapana ukate simu hujaelewa kitu. Taja darasa: "Darasa la nne mna nafasi ngapi sa hivi, na kama limejaa, kuna watoto wangapi wanasubiri?" Shule inaweza kuwa na viti kibao la kwanza huku la nne wanabanana.

Hatua ya 2: karatasi, kabla hujapakia mizigo

Barua ya uhamisho yenye sahihi na muhuri wa mwalimu mkuu, cheti cha kuzaliwa, ripoti za mihula miwili ya mwisho, kadi ya chanjo, picha ndogo, na namba ya usajili ya mwanafunzi kama huko mnatumia. Kaa chini usome jina la mtoto kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Nimeshaona mama karudi safari ya siku nzima kisa cheti kina h na ripoti haina. Piga kopi, zingine piga picha ubaki nazo kwenye simu. Kama mtoto atakaa kwa shangazi au bibi, beba barua ya mzazi inayosema hivyo.

Hatua ya 3: nenda mwenyewe

Nenda siku ya masomo. Tembea ile njia saa ileile mtoto atakayokuwa anapita, uone barabara za kuvuka na muda halisi, maana kilomita mbili za Jumapili na za Jumatatu asubuhi ni vitu viwili tofauti. Uliza wanafundisha kwa lugha gani na wamefika mada gani kwenye hesabu. Wakitaka kumpa jaribio sawa, ila wakisema arudishwe darasa la nyuma omba uone karatasi yake kwanza, mara nyingi ni mada mbili tu hajafundishwa na mwezi mmoja wa kumsaidia nyumbani unatosha.

Hatua ya 4: wamekwambia imejaa

Hapa ndo wazazi wengi wanakata tamaa na mimi naomba sana usikate. Omba jina liandikwe kwenye listi ya kusubiri na uulize uko namba ngapi. Siku za mwanzo wa muhula kuna watoto waliopewa nafasi hawatokei, kwa hiyo viti vinafunguka ghafla, na anayepigiwa simu ni yule ambaye karani anamkumbuka na namba yake inapatikana. Pita au piga mara moja kwa wiki, kwa upole, taja jina la mtoto na darasa. Wakati huohuo nenda ofisi ya elimu ya eneo hilo, wao wanajua shule ipi ina upungufu wa wanafunzi. Ikitokea nafasi shule yako ya pili, ichukue, mtoto asome, jina libaki kule kwenye listi.

Mtu akikwambia mpe chochote pembeni akusukumie, achana naye. Lipia ofisini, dai risiti.

Hatua ya 5: akishaanza

Mpeleke aone geti na vyoo siku moja kabla, vyoo hasa, watoto wageni wanajibana mchana kutwa kwa kuona aibu kuuliza. Baada ya siku tatu nne rudi kwa mwalimu wa darasa umuulize mambo mawili: anakaa na nani, na daftari gani limebaki nyuma.