Namna ya Kupanga na Kujenga Barabara ya Wilaya Itakayovuka Masika

Ukiwa na nafasi ya kuchagua msimu wa kuanza kupima njia ya barabara mpya, anza wakati wa masika. Wengi hufanya kinyume: hungoja kiangazi ili gari la upimaji lipite bila taabu, kisha huchora barabara nzuri juu ya bonde ambalo wenyeji wote wanajua kuwa hugeuka ziwa kila Aprili. Tembea njia yote kwa miguu pamoja na wazee wa vijiji husika, waulize maji husimama wapi, hupita wapi, na mwaka wa mvua kubwa yalifika usawa gani kwenye shina la mwembe au ukuta wa nyumba. Weka alama mahali hapo na uipime. Katika wilaya nyingi mto mdogo hauna kumbukumbu yoyote ya vipimo, na alama hiyo ndiyo takwimu pekee utakayoipata.

Njia bora kwa kawaida hupita mgongoni mwa ardhi, pale maji yanapogawanyika kwenda pande mbili, kwa sababu huko makalavati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, huwa machache na udongo huwa mkavu. Njia ya bondeni huonekana fupi kwenye ramani, lakini ufupi huo hulipwa kwa matuta na madaraja. Epuka pia mbuga yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kuuzunguka kwa kilomita moja au mbili mara nyingi ni nafuu kuliko kupigana nao kila mwaka. Ikiwa hakuna budi kupita hapo, inua tuta, lipanue, na uweke mitaro mbali na ukingo wake ili unyevu usipande na kushuka chini ya magurudumu.

Suala la ardhi lishughulikiwe mapema. Kwa barabara kuu na za mikoa nchini Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake, kutoka mita 45 hadi mita 60, na kila aliyewahi kuona alama ya X ikipakwa kwenye ukuta wa nyumba anajua uzito wa mita hizo. Barabara za wilaya, ambazo tangu mwaka 2017 zinasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, huku TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, ikibaki na barabara kuu na za mikoa, zina vipimo vyake. Visome kabla ya kupiga kigingi cha kwanza. Kigingi kilichohamishwa baada ya watu kuambiwa watavunjiwa huharibu imani ambayo mkandarasi ataihitaji baadaye.

Baada ya njia kujulikana, hesabu magari. Hesabu siku saba mfululizo, na ukeshe angalau usiku mmoja au miwili, kwa maana malori ya mkaa, mbao na mazao hupenda kusafiri gizani. Tenganisha pikipiki na malori, kwa kuwa uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito. Majaribio makubwa yaliyofanyika Ottawa, Illinois, nchini Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba ukiongeza mzigo wa ekseli mara mbili, madhara yake kwa barabara huongezeka takriban mara kumi na sita. Ndiyo maana bodaboda elfu moja haziitikisi barabara, ilhali malori machache yaliyozidisha mzigo wakati wa mavuno huipasua.

Sasa pima udongo. Chombo rahisi cha shambani ni kipimo cha koni, chenye nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka kimo cha milimita 575. Unahesabu mapigo na kusoma koni imezama kiasi gani. Matokeo yake hugeuzwa kuwa CBR, kipimo kilichoanzishwa California mwishoni mwa miaka ya 1920 ambacho hulinganisha ugumu wa udongo na ule wa kokoto zilizosagwa. Maabara huloweka sampuli kwa siku nne kabla ya kuipima. Mwongozo wa Tanzania wa usanifu wa matabaka ya barabara wa mwaka 1999 unagawa udongo wa chini katika madaraja ya S3, S7 na S15, namba ikiwa ndiyo CBR ya chini kabisa ya daraja hilo. Udongo wa S15 unahitaji matabaka machache juu yake, ila wa S3 lazima uboreshwe kwa kifusi kizuri kilicholetwa.

Hapa inafaa kukumbuka matabaka haya yalikotoka. Katika karne ya 18 Mfaransa Pierre Trésaguet alipanga mawe makubwa chini na madogo juu, na baadaye Thomas Telford wa Uskoti akaendeleza msingi wa mawe makubwa uliopangwa kwa mkono. Mskoti mwenzake, John Loudon McAdam, aliuona msingi huo kuwa gharama isiyo na sababu. Hoja yake ilikuwa kwamba mzigo hubebwa na udongo wa asili, na kwamba udongo ukibaki mkavu utaubeba. Basi kazi ya mjenzi ni kuinua njia, kuchimba mitaro, na kufunika udongo kwa tabaka la kokoto ndogo zenye kona, ambazo hushikana zenyewe chini ya magurudumu. Mimi namwona McAdam kuwa ndiye aliyelielewa jambo hili vizuri kuliko wote, na barabara zetu nyingi za changarawe hufa kwa kusahau nusu ya kwanza ya ushauri wake. Magari ya injini yalipokuja, tairi zao zilifyonza vumbi lililoshikilia kokoto, na mwaka 1902 Mwingereza Edgar Purnell Hooley alisajili hataza ya kuchanganya lami na takataka ya tanuri la chuma. Lami, kwa hiyo, ilianza kama dawa ya vumbi, na kazi yake kubwa hadi leo kwenye barabara ndogo ni kuwa paa. Lami nyepesi ya kumwaga na kutandaziwa kokoto huzuia maji na kuhifadhi changarawe. Nguvu hutoka katika matabaka yaliyo chini yake.

Katika ujenzi wenyewe, simamia vitu viwili bila kuchoka. Cha kwanza ni kimo: kutoka sakafu ya mtaro hadi mgongo wa barabara ya lami nyepesi iwepo angalau mita 0.75, na mgongo uwe na mteremko wa pembeni wa asilimia 2.5, au asilimia 4 hadi 6 ikiwa ni ya changarawe. Cha pili ni ushindiliaji. Tangu Mmarekani Ralph Proctor achapishe kazi yake mwaka 1933, inajulikana kuwa kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho ukishindiliwa nacho hukaza kuliko kwa kiasi kingine chochote. Kwa hiyo boza la maji ni mtambo wa lazima kama greda. Tandaza kifusi kwa matabaka ya milimita 150 hivi, shindilia, pima, ndipo uongeze jingine. Tabaka nene lililoshindiliwa kwa pupa hukaza juu na kubaki tepetevu chini.

Makalavati yawe na kipenyo cha milimita 900 pale inapowezekana, kwa sababu lile la 600 likijaa mchanga mtu hawezi kuingia na koleo kulisafisha. Jenga kuta za mdomo na sakafu ya mawe upande maji yanapotokea, kwani huko ndiko korongo huanzia. Kazi ya mawe, mitaro na usafishaji inafaa sana kwa nguvu kazi ya wanavijiji, na chuo cha teknolojia stahiki, ATTI, kilichoko Mbeya hufundisha mbinu hizo. Mwanakijiji aliyejenga mtaro kwa mkono wake huona haraka zaidi ukianza kuziba.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha baada ya makabidhiano, vaa mabuti, chukua kamera na daftari, uipitie barabara yote wakati maji bado yanatiririka. Andika kila mahali yanapovuka juu ya barabara badala ya kupita chini yake, na umpelekee mkandarasi orodha hiyo kabla ya kipindi chake cha matazamio, ambacho bado anawajibika kurekebisha kasoro, kuisha.