Kupasua funksheni ya mantiki kwa multipleksa, hatua kwa hatua

Juzi nilikaa na mwanafunzi aliyekuwa na funksheni ya vigeu vinne na ubao wa majaribio uliojaa nyaya. Mageti yake yalikuwa sahihi, ila yalikuwa mengi mno kwa kazi ile. Nikamwonyesha njia ninayoitumia mwenyewe: unaipasua funksheni vipande, kisha multipleksa (chipu inayopitisha ingizo moja kati ya mengi) inachagua kipande kinachohitajika. Naiandika hapa kama tulivyoifanya.

Hatua ya 1: Jedwali la ukweli

Jedwali hili linaonyesha tokeo kwa kila mchanganyiko wa vigeu A, B, C na D. Andika mistari yote 16 kwa penseli, kuanzia mstari wa 0, A ikiwa biti ya juu kabisa na D ya chini. Yetu ilitoa 1 kwenye mistari 1, 2, 5, 7, 8, 9 na 15.

Hatua ya 2: Pima gharama ya njia ya kawaida

Ramani ya Karnaugh, yaani jedwali la kufupishia funksheni, inakupa hii (A' maana yake ni A iliyokanushwa):

F = A'B'CD' + A'C'D + AB'C' + BCD

Kwa mageti ya NAND (AND iliyogeuzwa) hii inakula chipu tatu: 7404 ya NOT, 7410 ya NAND za maingizo matatu na 7420 ya NAND za maingizo manne. Inafanya kazi. Lakini kibadilishe kidogo kile unachotaka saketi ifanye, na utang'oa nusu ya nyaya.

Hatua ya 3: Pasua

Kanuni ni hii: F = A'·F0 + A·F1. F0 ni kile kinachobaki A ikiwa 0, na F1 ni kile kinachobaki A ikiwa 1. Boole alikuwa nayo tangu 1854. Claude Shannon akaitumia kwenye saketi za swichi mwaka 1938, ndiyo maana wengi huiita upanuzi wa Shannon.

Ukipasua kwa A, halafu B, halafu C, kila kipande kinabaki na D peke yake. Soma jedwali mistari miwili miwili:

ABC = 000 → D
001 → D'
010 → D
011 → D
100 → 1
101 → 0
110 → 0
111 → D

Hayo manane ndiyo maingizo ya chipu ya 74151, multipleksa ya maingizo manane, kuanzia D0 hadi D7 (hayo ni majina ya pini, si kigeu chetu D); A, B na C ndizo zinazochagua ingizo lipi lipite. Ukiongeza geti moja la NOT kwa ajili ya D', umemaliza. Badiliko dogo la baadaye ni kuhamisha waya mmoja au miwili tu. Ndiyo sababu mara nyingi naipendelea njia hii kuliko kurundika mageti.

Hatua ya 4: Unganisha mistari ya kuchagua

Hapa nenda polepole. Hatua hii iliwahi kunila mchana mzima, na yule mwanafunzi naye alikwama papo hapo.

Karatasi za maelezo za baadhi ya watengenezaji huziita pini za kuchagua A, B na C, na humo A ndiyo biti ya *chini*. Kwenye jedwali letu A ni ya *juu*. Ukiunganisha A na A kwa sababu majina yanafanana, umezigeuza biti. A yako inakwenda pini 9, B pini 10, C pini 11. Wengine huandika S2, S1, S0 kwa pini hizohizo, na maandishi hayo hayapotoshi.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba saketi haifi. D1 inabadilishana na D4, D3 na D6. Nyingine zinabaki mahali pake. Katika mfano wetu mistari 12 kati ya 16 inatoa jibu sahihi. Inayokosea ni 3, 7, 9 na 13 tu, na yote minne ina D = 1. Kwa hiyo unaanza kuushuku waya wa D, unabadilisha chipu ya NOT, unapima volti, na kote huko hakuna kosa. Ukiona dalili hiyo, kagua pini 9 na 11 kwanza.

Pini 7, ile inayoruhusu chipu ifanye kazi, nayo iende ardhini. Ikiwa juu, tokeo la pini 5 linabaki 0 daima. Ikiachwa inaning'inia kwenye chipu za HC (aina ya CMOS, kama 74HC151), tokeo linayumba bila mpangilio. Kumbuka pia kuwa pini 6 inatoa jibu lililogeuzwa.

Hatua ya 5: Pima

Mistari yote 16. Kosa la hatua ya 4 linapita kirahisi ukipima mitano.

Vigeu vikizidi vinne

Anza kupasua kwa kigeu kinachotokea mara nyingi katika sura zote mbili, chenyewe na kilichokanushwa, kwa sababu hicho ndicho kinachofupisha pande zote mbili kwa pamoja. Kisha linganisha vipande kabla ya kujenga chochote: viwili vikifanana, kijenge kimoja na ukitumie pande zote mbili. Kipande kikibaki na vigeu vitatu au vinne, rudi hatua ya 2, maana hapo ramani ya Karnaugh inaweza kukupa mageti mawili pale ambapo multipleksa ingekula chipu nzima.